YAH: Jiko la gesi mlilomuuzia mama yangu na mlichomfanyia pale kaunta

Kwa Meneja wa tawi, Moshi mjini
Nakala: Makao makuu, Dar es Salaam

Habari za kazi. Nawaandikia kwa heshima yote niliyobakiwa nayo, ambayo kusema ukweli si nyingi. Risiti ya EFD, kadi ya waranti na video ya fundi nimeambatanisha. Masharti ya waranti mmeyaandika nyie wenyewe mnayajua, sitapoteza muda kuwasomea.

Naenda moja kwa moja. Kijana wenu wa kaunta ya huduma alifungua gesi bila kuwasha moto, ndani ya duka, watu wamejaa, akamwambia mama yangu mwenye miaka 78 asogee anuse. "Haya bibi, unasikia harufu?" Mama akasema hasikii vizuri. Kijana akawageukia wateja wengine akasema, "Si mnaona, jiko zima, pua ndo mbovu." Watu wakacheka. Akachukua kadi ya waranti akaandika "matumizi mabaya ya mteja", akagonga muhuri wa duka lenu. Hilo ndo jibu la kampuni yenu kwa malalamiko ya gesi kuvuja.

Sasa mjue tulifikaje hapo kaunta. Mama anaishi Kibosho na binti anayemsaidia kazi. Jioni moja aliinjika mtori, akaenda kukaa chumba cha pili anachambua maharage, mlango wa jikoni wazi, mtori ukachemka ukamwagika ukazima moto. Basi, hakuna kingine alichofanya. Mtori kumwagika, maziwa kumwagika, hiki ni kitu cha kawaida kabisa jikoni kwa mtu yeyote awe na miaka 20 au 80, na ndo maana majiko yakawekewa kile kifaa cha kukata gesi moto ukizimika. Kile ambacho kimechorwa kwenye boksi lenu. Kwa mama hakikukata kitu, gesi iliendelea kutoka. Ilikuwa mwezi wa saba, na mnaijua baridi ya Kibosho mwezi wa saba, madirisha yote yamefungwa, na gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, haipandi juu ikapotea, inatambaa sakafuni inaingia chumba hadi chumba. Ikamfuata mama pale alipokaa na yeye hana habari. Umeme ulikuwa umekatika. Alikuwa anasubiri giza liingie vizuri ndo awashe koroboi.

Nimewaachia hiyo sentensi ya koroboi muifikirie.

Aliyemuokoa ni yule binti. Alikuwa anarudi na mzigo wa majani ya ng'ombe, harufu ikamkuta mlangoni, akatupa majani akamtoa mama nje kwanza, ndo akarudi kufunga mtungi na kufungua madirisha. Binti wa kidato cha pili kaelewa hatari ya gesi kuliko huduma kwa wateja yenu nzima.

Kuhusu hiyo pua mliyoicheka. Gesi yenyewe kiasili haina harufu, inatiwa dawa ya kunuka makusudi ili ikivuja mtu ashtuke. Wazee wengi uwezo wa kunusa unapungua, si ugonjwa wala aibu, ni umri tu, na wewe meneja utafika huko. Kwahiyo kwenye nyumba ya mzee ile harufu si kinga ya kutegemea, kinga ni jiko lenyewe kujifunga. Na hayo si maneno yangu, ni maneno ya muuzaji wenu! Tuliponunua mwezi wa tano mimi nilikuwepo, nilitoka Arusha kwa ajili hiyo, nikamwambia tunamtafutia mzazi anayeishi shamba, tumechanga watoto wote tumtoe kwenye kuni kwa sababu macho yameisha kwa moshi. Akatupeleka kwenye hili la pleti nne na oveni, laki sita na nusu, akasema "hili ndo la kumnunulia mzazi, hata akisahau, moto ukizimika linajifunga lenyewe." Kulikuwa na la bei nafuu pembeni tukaliacha kwa sababu ya hilo neno moja. Yani mlimuuzia kwa sababu ni mzee, halafu mkamnyima waranti kwa sababu ni mzee. Nisaidieni kuelewa hii biashara inaitwaje.

Fundi wa kwetu kalifungua mbele ya kamera. Pembeni ya kila pleti kuna kale kancha ka chuma kanakotakiwa kupata moto na kuishikilia valvu iwe wazi, kakipoa valvu inafunga. Juu vinaonekana vizuri vyote vinne, vinang'aa. Chini hamna waya. Hakuna hata mmoja uliounganishwa na valvu, ni mapambo. Na hata bila kufungua mngejua, kwa sababu jiko lenye hicho kifaa unapowasha unabonyeza swichi na kushikilia sekunde chache mpaka ncha ipate moto, ukiachia mapema linazima. Hili la mama ukigusa linawaka, ukiachia linaendelea. Mtu wenu wa kaunta alikuwa na jiko mbele yake, alikuwa na mtungi, angeliwasha akalizima kwa kulipuliza akasikiliza kama valvu inafunga, dakika moja tu. Badala yake akapima pua ya mama yangu.

Narudi hapo kwa sababu sijamaliza na nyie hapo. Mimi wakati inaanza nilikuwa nje kwenye kirikuu iliyotuletea jiko, nimeshika simu, namba yenu ya huduma inanipigia muziki na kuniambia simu yangu ni muhimu kwao. Nikaingia nikasikia watu wanacheka nikadhani kuna jambo la furaha. Mama kasimama kwenye jiko lake mwenyewe kainama, kavaa kitenge chake cha kanisani kwa sababu kwake yeye kwenda mjini dukani ni kitu cha heshima, na yule kijana ambaye hata shikamoo hakumpa kashika swichi anafungua na kufunga, "nusa bibi, nusa tena, bado?" Mara ya kwanza kumbe haikumtosha. Mama akajibu taratibu, "Sisikii baba, labda mafua." Anajitetea! Mwalimu mstaafu, nusu ya watu wa kata yetu kawafundisha kusoma, amesimama anamwomba radhi mtoto kwa pua yake. Akaomba kadi aisome kabla ya kusaini, akauliza haya matumizi mabaya ni yapi, akaambiwa "sogea pembeni bibi kuna watu nyuma yako." Hakusaini. Njia nzima kurudi Kibosho hakuongea, na tangu siku hiyo jiko limekaa stoo, amerudi kwenye mafiga na kuni, macho yale yale. Kuta zenu mmebandika matangazo ya nishati safi, mnaujua mpaka ule mkakati wa taifa wa 2024 kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehamia nishati safi ya kupikia. Sasa mmoja alihama, nyie mkamrudisha.

Na kwa taarifa yenu, kufungua gesi isiyowashwa ndani ya duka lenye watu, friji zinawaka na taa zinawaka, ni hatari kwa kila aliyekuwa anacheka siku ile.

Ninachotaka. Mwanzo nilitaka mbadilishe jiko tu, mngenipa jipya linalofanya kazi siku ile ningesema asante nikaondoka. Sahivi sitaki jiko lenu. Nataka laki sita na nusu yote irudi, pamoja na nauli ya kirikuu kwenda na kurudi. Nataka ile kadi ifutwe hayo maneno na muandike kwa barua kwamba jiko lilikuwa bovu. Nataka meneja na yule kijana mpande Kibosho mumwombe mama radhi nyumbani kwake, na si kwa simu. Na nilipokuwa naandika hii barua nimegundua hayo yote ni madogo, kwa sababu hamkuagiza jiko moja. Wapigieni wote walionunua aina hii muwaambie wasitumie mpaka likaguliwe, mnapotoa risiti mnaandika namba za simu kwahiyo msiniambie hamuwajui.

Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita napeleka hili faili Tume ya Ushindani, maana Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumdanganya mteja kuhusu bidhaa unayomuuzia, na kile kibao chenu cha "mali ikishauzwa hairudishwi" mtawaonyesha wao. Jiko lenyewe nalibeba mpaka TBS Kanda ya Kaskazini, wako huku huku Arusha, walifungue wajionee mapambo. Video ya fundi nayo, ukiacha nakala niliyowatumia nyie, bado iko kwenye simu yangu tu. Bado.

Mteja wenu mpaka hiyo siku ya 14,
Mtoto wa mwenye jiko, Arusha

NB: Msimtume fundi Kibosho bila kunipigia mimi kwanza. Mtu wenu yeyote akija akaanza kumhoji mama peke yake, zile siku 14 zimeishia hapo hapo.