Kaktasi Yako Haitoi Maua? Ikifika Juni, Usiimwagilie

Kila Septemba wateja hutujia kitaluni hapa Dodoma na swali lilelile: "Niliinunua ikiwa na maua, mbona tangu siku ile imekaa tu?" Tukiutazama mmea, mara nyingi ni mzima, umenenepa, kijani chake kinapendeza. Haukupumzishwa, basi, yaani haukunyimwa maji miezi ya baridi.

Tunazouza zaidi ni mamilaria, zile ndogo za duara zinazotoa maua ya waridi yaliyojipanga kama taji. Nyingi asili yake ni Meksiko, ambako mvua huja wakati wa joto na miezi ya baridi huwa mikavu. Ndivyo ilivyo kwetu: mvua Desemba hadi Aprili, halafu Juni hadi Agosti baridi kavu, usiku nyuzi joto 14 hivi. Wateja wetu wa Dar es Salaam hawana bahati hii, maana kule usiku hauna baridi ya kutosha na hewa ina unyevu mwingi.

Kwa hiyo punguza maji kuanzia Mei. Juni na Julai, iliyo ardhini usiipe hata tone. Ya kwenye chungu kidogo, kikombe kimoja kwa mwezi kinatosha. Itasinyaa kidogo. Tafadhali usiionee huruma, kwani hapo ndipo inapojiandaa. Mwisho wa Agosti mwagilia mpaka maji yatoke tunduni, kisha subiri udongo ukauke kabisa ndipo urudie.

Ukichunguza utaona maua hayatoki kileleni. Hutoka pembeni kidogo, katikati ya vinundu vilivyoota msimu uliopita. Mmea uliodumaa wakati wa mvua hauna pa kutolea maua, hata ukiupumzisha vipi. Na kinachoudumaza kwetu ni udongo mwekundu: jua likiwaka unakuwa tofali, mvua ikinyesha unashika maji na mizizi inaoza. Sisi tunachanganya ndoo mbili za mchanga mnene wa mto wenye changarawe, ndoo moja ya udongo, na kopo la samadi iliyooza vizuri. Bustanini, inua tuta la mawe kama shubiri moja kwenda juu, upande hapo.

Mmea uliotoka kivulini uzoeshe jua taratibu kwa wiki mbili, la sivyo utaungua. Ukiona utando mweupe kama pamba, ni wadudu waitwao vidung'ata. Wafute kwa pamba yenye spiriti.

Shina likibonyea kwa chini, limeoza. Kata kwa kisu safi mpaka usione doa la kahawia, anika kivulini wiki moja au mbili, kisha panda kwenye mchanga mkavu. Ukiogopa kukata, tuletee tukufanyie. Njoo na chungu chake chenyewe hata kama mmea umelegea, maana udongo wake hutuonyesha mengi ambayo kwa simu hatuwezi kuyajua.