Rybinsk ulikuwa bandari kabla ya viwanda

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu miji ya viwanda nchini Urusi iliutaja Rybinsk kana kwamba ulianza siku injini za ndege zilipoanza kuundwa huko. Naomba nafasi nieleze kwamba bandari ndiyo iliyotangulia, na kwamba viwanda viliukuta mji ukiwa umekwisha kutajirika kwa nafaka.

Sababu ilikuwa kina cha maji. Matishari makubwa yaliyopanda Mto Volga yakiwa yamesheheni ngano hayakuweza kuendelea mbele ya Rybinsk, kwa kuwa mto huko juu ulikuwa na maji haba; basi shehena ilipakuliwa hapo, ikahamishiwa kwenye vyombo vidogo na kupelekwa St Petersburg kupitia mito na mifereji, ukiwemo mfumo wa Mariinsk uliofunguliwa mwaka 1810. Kazi hiyo iliwavuta makuli pamoja na burlaki, yaani watu waliokokota vyombo kwa kamba wakitembea ukingoni, kwa wingi kiasi kwamba mji ulihesabiwa kuwa makao yao makuu. Reli ya kwenda Bologoye, mji ulio kwenye njia ya reli kati ya Moscow na St Petersburg, ilifika mwaka 1870, na jengo la soko la nafaka la mwaka 1912 lingali limesimama kando ya mto. Kiwanda mnachokisifu kilianzishwa mwaka 1916, tena kwa ajili ya magari. Injini za ndege zilifuata baadaye.

Jambo zito zaidi ni lile mliloliruka. Mliusifu umeme wa bwawa la Rybinsk, lakini hamkusema kwamba lilijengwa na wafungwa wa Volgolag, kambi ya kazi za kulazimishwa ya enzi ya Kisovieti, wala kwamba maji yalipoanza kujazwa mwezi Aprili 1941 yalifunika mji wa Mologa na mamia ya vijiji, baada ya watu wapatao 130,000 kuhamishwa. Miaka ya ukame, maji yanapopungua, mabaki ya Mologa huonekana.

Mwisho, jedwali lenu liliorodhesha Shcherbakov na Andropov kama miji mingine. Yote ni Rybinsk: uliitwa Shcherbakov kuanzia 1946 hadi 1957, kisha Andropov kuanzia 1984 hadi 1989, kwa heshima ya Yuri Andropov, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti aliyesomea usafiri wa mtoni katika chuo cha hapohapo. Tafadhali rekebisheni.

Msomaji wenu,
Tanga