Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Maji ya Novemba

Ndugu wanachama,

Idadi ya matangi ya kukinga maji ya mvua ya paa tuliyojenga mashuleni tangu chama chetu cha wanafunzi kianze ipo kwenye makabrasha yenu, na tumeshazoea kuipigia makofi. Naomba leo tuanze na Novemba. Vijiji vya Chamwino, mkoani Dodoma, tunakokwenda kujitolea hupata msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, milimita 550 hivi mwaka ukiwa wa kawaida. Mei kinaingia kiangazi. Tangi la shule likijaa Aprili hilo si la kujisifia, maana Aprili hata madimbwi hujaa. Swali ni kama fimbo ya kupimia ikizamishwa Novemba inatoka imelowa.

Kamati ya ufuatiliaji ilizamisha fimbo hiyo katika shule nne. Mbili zilikuwa na maji. Ya tatu tangi lilikuwa zima kabisa ila halikuwahi kujaa, kisa gata, ule mfereji wa ukingo wa paa unaopeleka maji tangini. Ya nne lilijaa vizuri, likavuja ukutani kidogo kidogo, Julai likabaki tope. Haya mawili ya mwisho ndiyo yatakayokula muda wenu.

Naanza na gata, kwa kuwa ndilo tunalolidharau. Paa la madarasa mawili na ofisi lina mita za mraba 140 hivi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Ukitoa asilimia 20 ya maji yanayoruka, kukauka na kumwagika, paa hilo linakusanya lita 61,600 kwa mwaka, yaani matangi mawili ya lita 25,000 yanajaa na kufurika. Hesabu hiyo inasimama endapo maji yote yanapita kwenye gata. Katika shule ya tatu vishikio vilipigiliwa kila baada ya mita moja na nusu, badala ya sentimita 60 hadi 90, tena kwenye ubao ulioliwa na mchwa. Mvua kubwa ya kwanza iling'oa upande mzima, na kuanzia hapo nusu ya paa ikawa inanywesha uwanja wa mpira.

Upande uliobaki nao ulikuwa na kasoro ya mteremko, na hii ni kasoro ya wasomi. Tuliambiwa darasani sentimita 1 kwa kila mita, tukaitii. Jengo la mita 20 likishushwa hivyo kutoka ncha moja hadi nyingine, gata linaishia sentimita 20 chini ya bati. Mvua ya Dodoma huja kwa kishindo na upepo wake, maji yanaruka juu ya gata na kwenda zake. Wekeni bomba la kushushia katikati ya jengo ili kila upande uwe na mita 10 tu, au shusheni nusu sentimita kwa mita. Na pimeni mteremko huo kwa mpira wa maji unaoonyesha ndani, maana maji husimama kimo kimoja ncha zote mbili. Anayefuata ukingo wa bati kwa macho anarithi makosa ya fundi aliyeezeka.

Kuhusu maji ya kwanza: mvua ya kufungua msimu huosha vumbi la miezi saba na kinyesi cha ndege. Tunamwaga milimita nusu ya kwanza, ambayo kwa paa hilo ni lita 70. Miaka ya nyuma tulifunga kipande cha bomba la inchi 4 chenye mita moja na nusu tukaridhika. Bomba hilo hubeba lita 8 kwa mita, yaani lita 12 tu. Lita 58 za uchafu zilikuwa zinaingia tangini kila mara tukidhani tumezizuia. Sasa tunatumia pipa la lita 200 lenye tundu dogo chini, linalojimwaga lenyewe mvua ikikatika. Tundu likizibwa na tope, pipa hubaki limejaa na mvua inayofuata hupitiliza moja kwa moja. Kwa hiyo mwanafunzi wa zamu apewe kipande cha waya, na waya huo uwe na mahali pake pa kutundikwa.

Sasa ukuta uliovuja, wa shule ya nne. Tangi letu ni la duara, kipenyo mita 4, kimo mita 2. Ukuta wa sentimita 5 wenye nondo na waya wa kuku hula mifuko 12 hadi 13 ya saruji, bila kuhesabu inayodondoka. Kipimo ni mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ndoo 5 za mchanga za lita 20, na maji ndoo moja, yasizidi lita 25. Hapo kwenye maji ndipo mnapoharibu. Koleo likiwa zito, mtu anaongeza kikopo. Mwenzake akiona udongo, yaani mchanganyiko huo wa saruji, unapakika kwa raha, anaongeza kingine. Maji yale ya ziada yakishakauka huacha vitundu, na tangi linakuwa chungio. Chukueni udongo kiganjani mfumbate: ushike umbo la ngumi, na maji yasichuruzike kati ya vidole. Fundi wa kijijini anajua hili. Akisema maji basi, ni basi, hata kama wewe ni mwaka wa tatu uhandisi.

Mchanga wa korongo upimwe kabla ya kuusomba. Chupa ya plastiki, mchanga hadi nusu, maji karibu ijae, kijiko kimoja cha chumvi. Tikisa, iache saa tatu pasipo kuguswa. Tope linalotanda juu likizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga, uoshwe au utafutwe mwingine.

Lakini kilicholiua tangi lile la shule ya nne si mchanga wala kipimo. Lilipigwa lipu mchana wa Agosti, upepo ukivuma, na siku tatu baadaye timu ikaondoka kwa kuwa basi lilikuwa limeshalipiwa. Saruji haiwi ngumu kwa kukauka. Huwa ngumu kwa kunywa maji polepole, na ikinyimwa hupasuka nyufa nyembamba kama unywele, ambazo huzioni mpaka tangi lijae. Siku 7 za kulowanishwa ndizo za chini kabisa. Sisi tunataka 14, magunia yakiwa mabichi na turubai juu yake, na kumwagilia asubuhi, mchana na jioni.

Hapa kuna tatizo ambalo tumelizunguka kwa miaka. Likizo yetu ndefu huangukia kati ya Julai na Oktoba. Ni kipindi kizuri cha ujenzi: hakuna mvua ya kubomoa kazi, na wenyeji wameshavuna mtama na uwele. Ni kipindi hichohicho ambacho kijiji hakina maji. Watu 20 wakitumia lita 20 kila mmoja, ni ndoo 20 kila siku kutoka kioski kilekile cha maji wanachopangia foleni akina mama tangu alfajiri, kabla hata hujagusa saruji. Kumwagilia ukuta kunadai ndoo 8 hadi 10 nyingine. Mtu mwenye haya ataacha kumwagilia, na ndivyo ilivyokuwa. Kuanzia sasa maji ya ujenzi yaje na boza na yahifadhiwe kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kufunguliwa. Hakuna boza, hakuna safari.

Wapo wanachama wanaouliza kila mwaka kwa nini tusichimbe kisima. Kisima kirefu kinahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde, kinahitaji pampu, na maji ya chini sehemu nyingi za Dodoma yana chumvi. Kikishachimbwa, mwendeshaji wake ni chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii kilichosajiliwa RUWASA, wakala wa maji vijijini, kwa sheria ya mwaka 2019, si klabu ya wanafunzi wa likizo. Tangi la paa la shule liko chini ya kamati ya shule, na hiyo ndiyo saizi yetu.

Taratibu za kuingia kijijini hazijabadilika: barua kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, nakala kwa mtendaji wa kata na wa kijiji, kisha mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo hukaa kila miezi mitatu, kwa hiyo anayeukosa wa kabla ya likizo amekosa likizo. Pale ndipo yanapokubaliwa mawe, kokoto, mchanga na siku za msaragambo, kazi ya pamoja ya wanakijiji, na yaandikwe kwenye muhtasari. Salamu ya Kigogo ya "Mbukwenyi" hufungua mioyo ya wazee kuliko mihuri mitatu, ila mihuri nayo iwepo. Ratiba iachie wiki ya mtihani wa darasa la saba, Septemba. Siku hizo hatuonekani shuleni, na zege halichanganywi nje ya dirisha la mtahiniwa.

Chakula: nusu kilo ya unga kwa mtu kwa siku, hivyo watu 20 kwa siku 21 ni kilo 210. Tununue mjini twende nacho. Picha za watoto hazipigwi bila ridhaa ya wazazi. Hili halina mjadala.

Kukabidhi ndiko tulikofanya vizuri mwaka huu. Katika matangi haya sentimita 1 ya kina ni lita 125. Shule ya wanafunzi 400, kila mmoja lita 1 ya kunywa, hushusha maji sentimita 16 kwa wiki ya siku tano. Mwalimu wa zamu anapima kila Ijumaa na kuandika kwenye daftari. Fimbo ikisema 16, sawa. Ikisema 25, ama koki inavuja ama kuna anayechota usiku. Shule mbili zilizokuwa na maji Novemba ndizo zenye daftari hilo.

Taarifa ya fedha atasoma mweka hazina. Kamati tendaji inaomba mpige kura kwa mambo mawili: mwaka ujao tusifungue kijiji kipya, tukarekebishe shule ya tatu na ya nne, na siku ya mwisho ya lipu iwe siku 14 kamili kabla ya basi. Najua kijiji kipya kina mvuto, na kubadilisha vishikio vya gata hakuna picha nzuri.

Stoo inadai mpira wa maji mmoja, makoleo mawili na turubai la bluu. Walio navyo wavirudishe kabla ya Ijumaa.