Darasa la awali si mahali pa kunakili tu

Mhariri,

Mjukuu wangu wa miaka mitano, anayesoma darasa la awali hapa Bagamoyo, hurudi na kurasa mbili za kunakili herufi, ilhali vidole vyake bado havijaishika penseli sawasawa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ulioridhiwa na Tanzania mwaka 1991, unamtambulia mtoto katika ibara ya 31 haki ya kupumzika na kucheza. Na kwa umri huu kucheza ndiko kujifunza, kwani anayepanga makombe ya pwani kwa ukubwa anafanya hesabu pasipo kujua. (Sisi walezi nasi tunalaumika: hupima shule kwa wingi wa madaftari.) Naomba maofisa elimu, wanapokagua madarasa haya, waulize kwanza watoto wanacheza muda gani.

Babu wa mwanafunzi,
Bagamoyo