Mkunga, niulize na mimi kabla hujaamua

Mhariri, naomba nafasi kidogo niseme hili la wajawazito na wakunga maana linaniuma kweli. Mimba yangu ya kwanza nilihudhuria kliniki zote, nikapimwa presha, damu, tumbo, lakini hakuna hata siku moja mtu aliniuliza nataka kujifungua vipi, nani awe na mimi, naogopa nini. Siku yenyewe nikaambiwa tu lala chali, nikaongezwa njia, yaani kukatwa ukeni ili mtoto apite, bila kuambiwa, nikaja kujua wakati nashonwa.

Mimba ya pili nikapata mkunga mwingine kabisa, yule dada tulikaa tukaongea tangu mimba ina miezi saba, akanieleza kila kitu na faida na hatari zake, na akasema wazi kwamba mapigo ya moyo ya mtoto yakishuka au damu ikitoka nyingi mpango utabadilika na ataniambia kwa nini. Sikuogopa tena.

Na hii sio anasa, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unasema mama awe na mtu anayemtaka mwenyewe wakati wa uchungu, ahimizwe kuchagua mkao, na kuongezwa njia kusiwe ni kwa kila mtu. Najua wakunga wamezidiwa kazi, siwalaumu kwa hilo. Lakini kuuliza "mama unaonaje" ni dakika ngapi jamani? Na waanze huko kliniki, leba kichwa hakifikirii tena.

Mama wa watoto wawili