Kishanga kikae wapi? Kufunga nyuzi kwenye gita lenye tremolo ya kufuli

Juzi kijana mmoja wa kwaya alishuka na basi kutoka Masasi, gita amelifunga kwenye kanga. Alikuwa ametoa nyuzi zote sita kwa mpigo ili alisafishe vizuri. Kurudisha mpya ndipo kasheshe ilipoanza: akityuni uzi wa sita unakaa, akienda wa tano, ule wa sita umeshashuka. Akazunguka hivyo mpaka usiku. Alipofika karakana kwetu alikuwa ameshaamini gita limekufa, kumbe halina ubovu wowote.

Magita ya aina hii tunayapokea sana, mengi ni ya mtumba. Utayajua kwa kufuli mbili: moja pale shingo inapokutana na kichwa, nyingine kwenye briji, pale nyuzi zinapoishia kwenye mwili wa gita. Mfumo huu ulibuniwa na Floyd Rose, Mmarekani, mwishoni mwa miaka ya 1970, na hataza yake ni ya 1979. Uzi ukibanwa juu na chini, hauna pa kuteleza. Unaweza kuzamisha mkono wa tremolo, kile kifimbo cha kwenye briji cha kushusha na kupandisha sauti, mpaka nyuzi zikaning'inia, ukiachia zinarudi palepale. Ila briji yenyewe inaelea. Nyuzi zinaivuta mbele, springi za mgongoni zinaivuta nyuma. Ukikaza uzi mmoja, hizo tano nyingine zinalegea kidogo. Ndiyo maana tunawaambia wateja: badilisha mmoja mmoja. Ukilazimika kutoa zote, tia kabari chini ya briji kwanza. Sisi tunatumia kipande cha mpingo tulichookota kwa wachongaji, tumekivisha kitambaa. Mpingo haubonyei, na huku kwetu vipande vyake havina shida.

Sasa namna za kufunga.

Ya kwanza ndiyo inayojulikana zaidi. Unakata kile kishanga cha shaba kilicho mwisho wa uzi, pamoja na sehemu iliyosokotwa inayokifuata, halafu unaingiza ncha kwenye kikalio cha briji na kuibana kwa kitofali kidogo cha chuma. Ule msokoto ukiuacha ndani ya kikalio, uzi haukai sawa na kitofali kinaweza kupasuka. Ncha nyingine inapanda juu kuzungushwa kwenye kigingi cha kutyuni kama gita la kawaida.

Ya pili ni kuugeuza uzi. Kishanga hukikati. Unapitisha uzi kwenye tundu la kigingi hadi kishanga kigote, unaushusha chini ya kile kijiti cha kugandamiza nyuzi kilicho nyuma ya kufuli ya juu, unapita kwenye kufuli, unafika kwenye briji. Pale ndipo unapokata kwa kipimo na kubana. Faida yake ni kwamba kinachoingia kwenye kikalio ni uzi mtupu, hauna msokoto, na kule kichwani hakuna ncha kali za kuchoma vidole. Wengine hawapendi kuona vishanga vinaning'inia kama hereni. Hilo ni suala la macho tu. Tahadhari moja: nyuzi nene zilizozungushiwa waya, zikunje kwanza pale unapotaka kukata, kisha ukate upande wa pili wa kunjo. Ukikata bila kukunja, baadhi yake waya wa nje unafumuka na uzi unakufa ukiwa mpya.

Ipo ya tatu, lakini inategemea briji. Kuna zilizotengenezwa zipokee uzi na kishanga chake, kwa mfano Edge Pro ya Ibanez. Hapo usihangaike kukata. Na ukikuta mnadani gita lenye briji ya SpeedLoader, liache hapohapo hata kama bei ni ya kutupa. Linataka nyuzi zake maalumu zilizokatwa kipimo kiwandani.

Sisi tunafunga kwa namna ya pili, labda mteja aseme vingine. Lakini kwa mtu wa Mtwara au Lindi, kubwa zaidi ni mizunguko mitatu minne ya akiba kwenye kigingi. Uzi wa tremolo mara nyingi hukatikia kwenye kikalio. Ukiwa na akiba, unafungua kufuli ya juu, unalegeza kigingi, unavuta uzi chini, unakata ile ncha iliyochanika na kubana upya. Alama ya kufuli itashuka kidogo kuelekea freti ya kwanza, na uzi huo hautadumu, ila harusi utaimaliza. Nyuzi zetu zinatoka Dar kwa basi. Mwaka 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara kule Somanga, waliokuwa na akiba kwenye vigingi waliendelea kupiga.

Kwenye kubana, alenki (ule ufunguo wa pembe sita) ya milimita 3 ndiyo inayotumika kwenye briji nyingi za asili za Floyd Rose, juu na chini. Ingiza mkono mrefu wa alenki kwenye bolti, uzungushe kwa kushika ule mfupi. Kwa namna hiyo huwezi kupitiliza nguvu. Wengi wanaotuletea bolti zilizolika walifanya kinyume chake, tena kwa plaizi.

Kabla hujafunga kufuli ya juu, rudisha vile viskurubu vya kutyuni vya kwenye briji katikati, vuta kila uzi kwa kidole unyooke, tyuni tena, rudia mpaka utulie. Sauti ikipanda wakati wa kufunga, kile kijiti cha nyuma ya kufuli hakijagandamiza nyuzi vya kutosha. Na ukihama kutoka nyuzi za unene wa 9 kwenda nene zaidi za 10, briji itainuka. Usikimbilie kwenye vigingi. Geuza gita, fungua kifuniko cha mgongoni, kaza skrubu mbili zinazoshika springi, kidogokidogo, mpaka briji ilale sambamba na mwili.

Ukiwa hapo mgongoni, angalia kutu. Kwa wanaokaa karibu na bahari, Mikindani au Shangani, chumvi inafika hata ndani ya begi. Tone la mafuta ya cherehani kwenye bolti linatosha.

Kazi hii inachukua kama saa moja, na unaweza kukaa uangalie. Ukija, leta na mkono wa tremolo pamoja na vitofali vyote, hata kilichopasuka, maana kile kibovu ndicho tunachopimia kipya.