Ngoma ya elektroniki ya kujitengenezea: kwa nini pigo moja linalia mara mbili

Kasoro mbili ndizo zinazoleta ngoma nyingi za kujitengenezea kwenye meza yetu ya ufundi: pigo moja kulia mara mbili, na sauti kuchelewa nyuma ya mkono. Wenyewe huwa wameshabadilisha amplifaya na spika. Mara nyingi tatizo liko mapema zaidi, pale sensa ya piezo (kisahani kinachogeuza mtetemo wa pigo kuwa umeme) inapoingia kwenye bodi. Hapo ndipo pa kutumia muda na pesa.

Kwa ngoma ndogo ya pedi sita tunashauri bodi ya kawaida ya ESP32, yaani kompyuta ndogo inayosoma sensa na kucheza sauti. Ina pini sita zinazofaa kusoma sensa: 32, 33, 34, 35, 36 na 39. Kila pedi ipate piezo ya milimita 27, na sambamba nayo rizista ya megaomu 1. Bila rizista hiyo chaji haina pa kutokea, na pedi huanza kujipiga yenyewe. Kisha weka rizista ya kilo-omu 10 kuelekea pini, na kwenye pini dayodi mbili za BAT85: ya kwanza kutoka pini kwenda volti 3.3, mstari uliochorwa kwenye dayodi ukiwa upande wa 3.3, ya pili kutoka graundi kuja kwenye pini, mstari ukiwa upande wa pini. Usiziache. Pigo kali la fimbo hutoa makumi ya volti, na pini hiyo imetengenezwa kwa 3.3.

Unapounga waya kwa risasi katikati ya piezo, gusa kwa sekunde moja au mbili tu. Ukizidisha joto, ule utando wa fedha unabanduka na sensa imekufa. Bandika waya kwa gundi ya moto, maana hukatikia palepale.

Pedi ikipigwa na jirani yake ikalia, mtetemo umepita kwenye mbao. Kila piezo ikae kwenye kipande chake cha plaiwudi, na chini yake mpira wa kandambili. Ni laini ya kutosha kuzuia mtetemo na haubonyei moja kwa moja kama sponji. Skrubu inayoshika pedi mbili pamoja inaharibu kazi yote hii.

Sasa programu. Usomaji ukivuka kizingiti, endelea kusoma kwa milisekunde 2 ukitafuta kilele, cheza sauti kwa nguvu ya kilele hicho, halafu puuza pedi hiyo kwa milisekunde 40. Piezo huendelea kutetemeka baada ya pigo, na mtetemo huo ndio unaohesabiwa kama pigo la pili. Ukizidisha muda wa kupuuza, mapigo ya harakaharaka yatapotea, kwa hiyo panda na shuka kidogokidogo ukisikiliza.

Sauti ikichelewa, tazama bafa, yaani sehemu ya kumbukumbu ambako sauti hungoja kabla ya kuchezwa. Bafa 8 za sampuli 1024 kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde ni karibu milisekunde 186, na hapo hakuna mpigaji atakayeshika mdundo. Bafa 4 za sampuli 64 hazifiki milisekunde 6. Spika ya bluetooth inarudisha ucheleweshaji uleule, kwa hiyo tumia waya. Moduli ya DFPlayer Mini, ya kucheza faili za sauti, pia hatuishauri kwa ngoma: hucheza sauti moja kwa wakati, basi tasa ikilia inakata besi. Tumia PCM5102A, moduli inayogeuza sauti ya kidijitali kutoka ESP32 kuwa ya kuingia kwenye amplifaya, na pini yake ya SCK iungwe na graundi.

Kwenye umeme, seli moja ya 18650 (betri ya lithiamu ya kuchaji), chaja ya TP4056 yenye ulinzi, na moduli ya MT3608 ya kupandisha hadi volti 5 vinatosha. Pima MT3608 kwa mita kabla ya kuiunga na chochote. Skrubu yake huweza kuzunguka mara nyingi bila namba kusogea. Ngoma ikijizima na kuwaka kila besi inapopigwa, amplifaya ya PAM8403 inavuta umeme ghafla na volti inaporomoka. Weka kapasita ya maikrofaradi 1000 karibu nayo. Waya hasi za spika zake zisiguse graundi wala zisiunganishwe pamoja.

Ukituletea ngoma tuipime, njoo na programu yako kwenye flashi, na usibandue pedi. Kasoro nyingi za mtetemo hazionekani tena pedi zikishatolewa kwenye boksi lake.